Mabadiliko Makubwa, Njooni Mara Moja

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, namsubiri mume wangu atoke kupimwa presha. Daktari mmoja kijana alitoka wodini akawaendea watu wa familia fulani waliokuwa wamejibanza ukutani, akawaambia, "Kuna change kidogo, mama. Tuendelee kuomba." Halafu akaenda zake. Yule mama akawageukia wanawe. "Amesemaje? Kuna nini?" Wanawe, watu wazima wenye simu mikononi, wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyejua kama wameambiwa heri au shari.

Nilitaka kuinuka nimfuate yule daktari nimuulize, change ya kwenda wapi? Lakini pale kwenye benchi palikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, ile kali inayopanda mpaka machoni, na kabla sijasimama nilikuwa nimekwisha kurudi kijijini kwetu Muyama, mtoto wa darasa la nne, miguu peku, nimeshika karatasi, na watu wazima wote wananitazama mimi.

Nawasimulia ninyi wa rika langu, mliosoma kitabu kimoja watoto watano, maana hamtahitaji maelezo mengi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Sisi watu wa milimani tulikuwa tumezoea kuishi kila mtu na migomba yake, moshi wa jirani unauona ng'ambo ya bonde. Tukaambiwa tujenge kando ya barabara, nyumba zipangwe kwa mstari. Watu wazima walinung'unika. Sisi watoto tulifurahi mno, kwa sababu kando ya barabara ndiko yalikopita magari. Baba yangu hakunung'unika wala hakufurahi. Alikuwa mtu wa maneno machache kabisa. Alichukua shoka akashuka bondeni kukata miti ya kujengea.

Siku ya tatu mti mmoja aliokata haukuanguka mpaka chini. Ulinasa kwenye matawi ya mti mwingine. Baba akaingia chini yake kuutikisa, na tawi moja likakatika likamshukia kichwani. Hakutoka damu nyingi. Alilala tu, anapumua, macho yamefumba, na alipoitwa hakuitika.

Walimbeba kwa machela mpaka barabarani. Kwa bahati kulikuwa na lori la Mzee Athumani. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kasulu, asili yake Ujiji, mwenye kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono, na kila siku ya soko alikuja kwetu kununua maharage. Siku hiyo lori lilikwisha kujaa. Mzee Athumani alimtazama baba, akatazama lori, akawaambia vijana wake, "Shusheni magunia. Shusheni mpaka mtu huyu alale amenyooka." Wakayashusha, yakabaki kando ya barabara yakinyeshewa, na baba akapelekwa hospitali ya misheni upande wa Kasulu. Mama alipanda naye, mdogo wangu mchanga akiwa mgongoni. Mimi nikabaki na Bibi, mama yake baba, pamoja na baba mdogo.

Pale hospitalini kulikuwa na Sista mmoja, mzungu mgeni ambaye hata mwaka hajamaliza nchini. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Lakini alipopata habari kwamba kijiji chetu kina mwalimu anayesoma Kiingereza, akaamua kutuandikia yeye mwenyewe hali ya mgonjwa kila Mzee Athumani anapokuja huku. Ulikuwa wema mkubwa. Karatasi ilipokelewa langoni, ikasafiri kwenye mfuko wa shati la Mzee Athumani, na mimi nikapewa kazi ya kuipeleka kwa mwalimu.

Ya kwanza niliifungua njiani. Nani asingeifungua? Ilikuwa na maneno mawili tu na jina la Sista. No change. "No" nililijua, ni hapana. Na "change" nililijua pia, au nilidhani hivyo, maana dukani kila siku tulisikia: hakuna chenji, lete chenji, subiri chenji. Nikageuza njia nikarudi mbio kwa Bibi.

"Bibi, hospitali hawana chenji."

Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, sisi nyumbani tulisema Kiha, na hata hospitali yenyewe hakuwahi kuiona. Alifungua pindo la kitenge chake, akatoa sarafu ya sumuni aliyokuwa ameifunga humo sijui tangu lini, akaniwekea kiganjani. "Wapelekee. Wasije wakaacha kumtibu mwanangu kwa kukosa kitu kidogo hivi."

Nikaenda shuleni na karatasi mkono mmoja, sumuni mkono wa pili.

Mwalimu wetu aliitwa Gervasi, kijana aliyetoka chuo cha ualimu Kasulu, mwenye suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la uwanja mzima. Alisoma karatasi, akatazama sumuni, akanisikiliza nikieleza. Hakunicheka, na jambo hilo nimemshukuru maisha yangu yote.

"Si chenji ya dukani," alisema. "Change ni kubadilika. Sista anasema hali ya baba yako haijabadilika. Yuko vilevile kama alivyofika."

"Vilevile ni vizuri au vibaya?"

Akakuna kidevu. "Ni vilevile," akasema. "Kamrudishie Bibi sumuni yake."

Kesho yake akaliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa, akatufundisha darasa zima. I change my shirt, nabadili shati langu. Water changes into ice, maji hubadilika kuwa barafu, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona barafu, na tuliikubali kama tulivyokubali habari za mbinguni. The caterpillar changes into a butterfly. Hapo alituchorea kiwavi amejifunga nyuzi zake kwenye jani, halafu kipepeo.

Sijui niwaelezeje jinsi neno lile lilivyonishika. Nilitembea nalo kama mtoto aliyepewa kiatu kipya. Nilipotwanga nilisema, maize change into flour. Bibi aliposonga, nikasema, flour change into ugali, na Bibi akaniambia niache kuutia ugali uchawi. Asubuhi ukungu uliposhuka bondeni ukaacha vilele vya milima vimesimama peke yake, nilijua ni change. Kila kitu duniani kilikuwa njiani kwenda kuwa kitu kingine, na mimi tu nyumbani kwetu ndiye niliyejua jina la jambo hilo.

Na ndani ya kichwa changu nikajenga hesabu yangu ya kitoto. Baba amelala, macho yamefumba, amefungwa bandeji kichwani, kama kiwavi kwenye nyuzi. Kwa hiyo anasubiri kubadilika. Siku "no" itakapoondoka, baba ataamka akiwa kitu kingine. Kitu gani, sikujua. Wakati fulani nilifikiri huenda ataamka anasema Kiingereza, kwa kuwa amelala kati ya watu wa Kiingereza. Wakati mwingine nilimwona amekuwa mrefu kupita mlango. Kuogopa sikuogopa. Nilikuwa na shauku ya kumwona.

Karatasi ya pili ikaja. No change. Ya tatu. No change. Bibi alikuwa anakonda. Baba mdogo aliacha kwenda kwenye pombe ya ndizi, akawa anakaa mlangoni anachonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeihitaji. Mimi nililichukia lile "no" kama mtu anavyomchukia mbwa anayekaa katikati ya njia.

Karatasi ya nne ilipokuja, Mwalimu Gervasi hakuwepo. Alikuwa ameitwa semina Kibondo, na hakuna mwingine shuleni aliyejua Kiingereza cha kumtosha. Mzee Athumani alisimamisha lori mbele ya nyumba yetu asubuhi, hakuzima injini, akashuka na karatasi mkononi.

"Mwalimu wenu hayupo, nimeambiwa. Nani atasoma?"

Baba mdogo alinitazama. Bibi alikuwa anapeta maharage. Majirani watatu wanne walikuwa wamekwisha kusogea, maana lori likisimama watu husogea.

"Nitasoma mimi," nikasema.

Nikaifungua. Safari hii maneno yalikuwa mengi, na la kwanza halikuwa "no." Nililitafuta "no" juu, nikalitafuta chini. Halikuwemo. There is a great change. Please come at once. Mwandiko wa Sista wa kuunganisha herufi nilikwisha kuuzoea. "Great" nililikuta kwenye kitabu cha kusoma, palipokuwa na simba mkubwa. "At once" Mwalimu alitutamkia kila siku alipotaka tusimame upesi. Nilijua yote. Hakuna neno hata moja lililonishinda, na sijawahi tena, hata siku nilipopewa cheti changu cha ualimu, kujisikia mkubwa kama nilivyojisikia pale.

Nikasoma kwa sauti ya darasani. "Kuna mabadiliko makubwa. Tafadhali njooni mara moja."

Nilipoinua uso nikitabasamu, baba mdogo alikuwa amevua kofia.

Nyumbani kwetu, mgonjwa akisemwa amebadilika, watu hawaulizi zaidi. Ni namna ya kusema bila kusema. Baba mdogo alimwinamia Bibi akamfasiria kwa Kiha, kwa sauti ya chini, na Bibi akauweka ungo chini taratibu sana, asimwage hata punje moja. Kisha akaweka mikono kichwani. Mwanamke mmoja wa jirani akaanza kulia, wa pili akampokea.

"Siyo hivyo," nikasema. Hakuna aliyenisikia. Nikamvuta baba mdogo mkono. "Baba mdogo, 'no' imeondoka. Sista ameiondoa. Ni habari njema."

Alichuchumaa ili macho yetu yalingane. Hakukasirika. "Mwanangu, soma tena pale mwisho."

"Njooni mara moja."

"Mtu aliyepona haitiwi watu mara moja. Aliyepona hurudi mwenyewe kwa miguu yake."

Niliitazama karatasi kama inaweza kunisaidia, na karatasi haikusema zaidi ya ilichosema.

Mzee Athumani alisimama kando ameshika kofia yake kifuani. Baba mdogo alimuuliza kama alimwona mgonjwa. "Sikuingia ndani," alijibu. "Nilipewa hii langoni kabla ya jua kuchomoza, nikaondoka. Lakini nawapeleka sasa hivi. Maharage yatangoja." Wanaume wawili wa jirani wakaanza kuulizana habari za jembe na sururu. Mjumbe akatumwa Munanila kwa shangazi. Bibi aliingia ndani akatoka na mkeka mpya na shuka jeupe, na hakuna aliyeuliza ni vya nini.

Wakati wa kupanda lori, baba mdogo alitaka nibaki. Bibi akakataa. "Huyu ndiye msomaji. Wakitupa karatasi nyingine huko, nani atatuambia imesema nini?"

Basi nikapanda. Na hapa lazima niwaambie ukweli, ingawa ni ukweli wa aibu: nilifurahi. Sikuwahi kupanda gari maisha yangu. Bibi aliketi mbele na Mzee Athumani, mimi na baba mdogo tulikuwa nyuma juu ya magunia matupu, na lori lilipoanza kuteremka mlima upepo uliniingia mdomoni ukanikausha ulimi. Migomba ilikimbia. Mbuzi walikimbia. Mikaratusi ya kando ya barabara ilikuja mmoja mmoja ikanipita. Watu walikuwa wadogo wakawa wakubwa wakawa wadogo tena. Baba mdogo alikuwa amefunika uso kwa mikono, na mimi nikajaribu kufunika wangu kwa heshima, lakini vidole havikukubali kukutana. Nilikuwa nachungulia kati yake. Ndani yangu kulikuwa na kitu kinaruka, kinasema, amebadilika kuwa nini, amebadilika kuwa nini?

Mahali fulani lori lilisimama kupoza injini, Mzee Athumani akaja nyuma na chupa ya maji.

"Binti, hebu niambie. Hilo neno lenyewe la Kizungu, maana yake ni kifo?"

"Hapana. Maana yake kubadilika. Kama kiwavi."

"Kama kiwavi," alirudia. Akanywa maji. "Mimi nasoma Kiarabu, nasoma na Kiswahili, hicho sikijui. Lakini kubadilika kuna kupanda na kuna kushuka. Huyo Sista hakuandika upande?"

"Hakuandika."

"Basi hatujui," akasema, na akamgeukia baba mdogo. "Umesikia? Hatujui. Ondoa mikono usoni, ndugu yangu, tufike kwanza."

Huo ndio uliokuwa msaada wa kwanza tulioupata siku ile. Baba mdogo akaondoa mikono.

Tulipita Kasulu mjini adhuhuri. Mabati yalikuwa yanametameta hata macho yakauma, vyerehani vinne vilikuwa vinalia kwenye baraza moja, na redio ilikuwa inaimba dukani bila mtu. Ningependa kuwasimulia zaidi, lakini lori halikusimama. Tulifika hospitali jua limeanza kuinama kidogo. Ile harufu ya dawa ilitupokea langoni. Muuguzi mmoja wa kiume, Muha mwenzetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia zamu, akatuongoza wodini mpaka kitanda cha tatu kutoka dirishani, na alipofika akasimama, akashangaa yeye mwenyewe.

Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa.

Bibi alikaa chini sakafuni na mkeka wake. Hakulia. Alikaa tu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Mimi sikuweza kukaa. Mlango wa upande wa pili ulikuwa wazi, nikatoka. Kulikuwa na baraza ndefu yenye jua, na kwenye benchi mwisho wake alikaa mwanamume mmoja mwembamba, kichwa kimenyolewa chote, ndevu hana, shati la hospitali linampwaya mabegani. Alikuwa ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Baba yangu alikuwa na nywele nyingi na ndevu nyeusi. Nilimtazama huyu kama mtu anavyomtazama mgeni, nikataka kumwamkia na kupita. Ndipo akageuka akanitazama, na macho yalikuwa ya baba.

Nilisahau Kiha, nikasahau Kiswahili. Niligeuka nikakimbilia mlangoni nikapiga kelele neno moja nililokuwa nalo: change. Muuguzi akatoka, nyuma yake baba mdogo, nyuma yake Bibi akijikokota na ule mkeka kwapani na shuka jeupe juu yake.

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Alifungua mdomo, akaufunga, akatafuta. Ilimchukua muda mrefu kupata anachotaka kusema.

"Mama," alisema mwishowe, polepole, kama anayevuka mto juu ya mawe. "Mbona umebeba mkeka? Hapa vitanda vipo."

Bibi aliuachia mkeka ukaanguka. Alipiga makofi yetu yale ya salamu, ya viganja vilivyopinda, pa pa pa, akawa anamwamkia mwanawe salamu ya asubuhi ingawa ilikuwa alasiri, akarudia na kurudia, ya shamba, ya ng'ombe, ya nyumba, salamu zote za Waha bila kuruka hata moja, machozi yanamtiririka, na baba akawa anajitahidi kuitikia kila moja. Mama alitokea upande wa kisima na nguo mbichi begani, akatukuta tumechanganyikana kwenye benchi lile kama vifaranga.

Sista akaja. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, pua nyekundu kwa jua. Alionekana kufurahi sana, mpaka alipoliona shuka jeupe, akaliangalia, akauangalia mkeka, akamuuliza muuguzi kwa Kiingereza. Muuguzi akamweleza. Niliona uso wake ukibadilika rangi, na mkono ukapanda mdomoni.

Nilimwendea na karatasi. Nikaweka kidole kwenye neno. "Change," nikasema. "Good?"

Alipiga magoti pale barazani, gauni lake jeupe kwenye sakafu, akanishika mabega. "Good," alisema. "Good change. For the better." Akageuka akamwambia muuguzi mengi, na muuguzi akatufasiria: ni kubadilika kwenda kwenye nafuu, na Sista anaomba radhi. Baba aliamka usiku wa kuamkia jana akaomba maji. Alikuwa akimwita mama yake na binti yake, ndiyo maana Sista aliandika mje mara moja. Hakufikiri kwamba neno linaweza kusomwa vingine.

"For the better," nikarudia. Kumbe lilihitaji mkia. Peke yake lilikuwa kama mtu anayekuambia "naondoka" bila kusema anakokwenda.

Hapo baba mdogo akakumbuka nyumbani, akashika kichwa. "Wanachimba," akasema.

Aliazima baiskeli ya muuguzi akaondoka saa ileile. Alilala njiani kwa mtu anayemfahamu, na asubuhi akapanda milima yetu kwa miguu akiisukuma baiskeli. Alituhadithia baadaye kwamba alipofika uani alikuwa anahema kiasi kwamba hakuweza kutoa neno, na shangazi wa Munanila alipomwona anahema vile alidhani ni uchungu, akaanguka chini analia, na uwanja mzima ukalia naye. Ilibidi asimame juu ya kinu apaze sauti: "Anakunywa uji." Wakanyamaza. "Nani?" akauliza mtu mmoja. "Marehemu," akasema baba mdogo, maana alikuwa amechoka. Maharage yaliyopikwa kwa ajili ya matanga yaliliwa siku hiyo kwa vigelegele, na pombe ikatafutwa.

Mimi nilibaki hospitalini mpaka baba aliporuhusiwa. Pigo lile lilikuwa limemwachia maisha yake lakini limemtawanyia maneno. Alikijua kitu, ila jina lake lilimkimbia. Alikuwa anashika kijiko, ananitazama. "Hiki nani?" Nami namwambia, kijiko. Anacheka. Baba yangu, ambaye nyumbani tulihesabu vicheko vyake kwa mwaka, alikuwa anacheka na kijiko. Tulizunguka uani asubuhi mimi na yeye, namshika mkono, namtajia kila kitu: ndoo, kamba, mhindi, wingu. Nilimtajia kwa Kiha, kisha kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza pale nilipokuwa nacho. Alikuwa anauliza bila kukoma. Mtu aliyekuwa akinipita uani bila neno sasa hakutaka niondoke kabla hajajua mjusi anaitwaje.

Alirudi Muyama juu ya magunia matupu ya Mzee Athumani, ameketi wima. Siku ya pili aliomba apelekwe kuliona kaburi lake. Walijaribu kumkataza, akashikilia. Lilikuwa limefika kina cha kiuno. Alizunguka mara moja na fimbo yake, akapima kwa macho.

"Fupi," alisema. "Miguu ingebaki nje."

Wachimbaji wawili walikuwa wamesimama pale wameinamisha vichwa kwa aibu, na ni wao walioanza kucheka. Wakapanda mgomba humo, ukazaa ndizi za ajabu, na hakuna jirani aliyekubali kuzila isipokuwa baba mwenyewe.

Muda mfupi baadaye kukawa na kisomo cha watu wazima pale shuleni, alasiri tukisha kutoka sisi. Baba alikwenda siku ya kwanza kabisa. Mwalimu Gervasi alimwekea kiti, akakikataa, akaketi kwenye dawati la mbele magoti yamefika kifuani. Niliruhusiwa kukaa pembeni yake kwa sababu bado maneno mengine yalimponyoka. Baada ya wiki kadhaa za irabu, Mwalimu alimwita ubaoni, akampa chaki.

"Leo kila mtu anaandika jina lake," alisema.

Baba alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Darasa lilimngoja, wazee wenzake na wake zao. Kisha akaanza, herufi moja, akapumzika, herufi nyingine. Zilipanda mlima kuelekea pembeni ya ubao. Moja aliiandika imegeuka nyuma.

"Mzee, hilo si jina lako," Mwalimu akamwambia kwa upole.

"Najua," akasema baba. "La kwangu huitwa na watu wengine. Hili ndilo ninaloliita mimi."

Lilikuwa langu. Akanipa chaki, akanionyesha herufi iliyogeuka, akaniambia nimwekee sawa.